Marejesho yangu hayajawahi kuchelewa, mbona benki imeninyima mkopo?

Mhariri, pole na kazi. Wasomaji wenzangu, wakubwa shikamooni, wadogo zangu hamjambo. Mimi ni mama wa watoto wanne, nakaa Mwanga hapa Kigoma, na kazi yangu ni dagaa. Nanunua mwaloni Kibirizi alfajiri, naanika, nafunga magunia, napeleka Tabora na Dar. Barua hii nimeiandika mara tatu nikaichana, kwa sababu ndani yake kuna habari ya familia, na huku kwetu watu wanajuana. Lakini nimefika mahali sina wa kumuuliza.

Kwanza niwaeleze mimi ni mkopaji wa namna gani, maana ndiyo inayoniuma zaidi.

Nilianza na kikoba mwaka 2016. Tuko wanawake 24, kila Alhamisi tunakaa chini ya mwembe nyumbani kwa mwenyekiti wetu, sanduku la kufuli tatu katikati, na kitabu changu hakina faini hata moja ya kuchelewesha rejesho. Pale ndipo nilipopata ujasiri wa kwenda benki. Mwaka 2019 nilikopa shilingi 1,500,000 nikamaliza. Mwaka 2021 nikakopa 3,000,000, nikamaliza mwezi mmoja kabla ya muda. Desemba 2023 nikachukua 5,000,000 ya miezi 18, rejesho 330,000 kila mwezi.

Huo mkopo wa tatu ndio ulionionyesha dunia. Wa huku mnakumbuka, kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa, uvuvi ukasimama miezi mitatu ili samaki wapate kuzaliana. Sina ugomvi na uamuzi ule, samaki walikuwa wamepungua kweli, na sisi tunaoamkia mwaloni tulikuwa tunawaona wakipungua. Lakini rejesho la benki lilikuwa palepale. Mwezi wa kwanza nililipa kwa akiba. Mwezi wa pili nikaanza kuchukua mawese Simbo, madumu ya lita 20, nikawa nauza kwa chupa mlangoni. Julai ilipofika nilikuwa nimepungukiwa shilingi 90,000 na siku zimebaki mbili. Nikauza cherehani ya marehemu mama. Ile cherehani ndiyo iliyotulisha sisi tukiwa wadogo, na dada yangu mkubwa alipoisikia imeuzwa hakusema neno, alikaa tu kimya akatazama chini. Rejesho likaingia tarehe yake. Juni 2025 nikamaliza deni lote, nikapewa barua ya kumaliza mkopo, ninayo mpaka leo kwenye bahasha.

Kwa hiyo Agosti nilipokwenda kuomba 8,000,000 nilikwenda kifua mbele. Sikuwa naomba hela ya kula. Wenye kujua dagaa wanaelewa: wanavuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwaka mitumbwi inakaa pwani, bei inapanda. Giza likirudi dagaa wanamiminika na bei inashuka, na mwenye fedha mkononi saa kumi na moja alfajiri ndiye anayechukua. Wenzangu na mimi tunachukua kidogo kwa sababu mtaji ni mdogo, halafu mvua zikianza mwezi wa kumi na moja nusu ya mzigo unaoanikwa mchangani unaharibika au unajaa mchanga, mnunuzi wa Dar anakukata bei. Nilitaka kujenga chanja za waya zenye paa la nailoni zinazofunikwa mvua ikija, na salio liwe la kununulia wakati wa giza. Hesabu niliandika mwenyewe kwenye daftari, na afisa mikopo akaisifu. Akaja mpaka nyumbani, akapiga picha friji, akaona kiwanja chetu cha Gungu. Akaniambia, "Mama, wewe ni mteja mzuri, hii ni ya wiki moja tu."

Wiki ya pili nikaitwa. Nikaambiwa ombi langu limekataliwa, mfumo umekataa. Nikauliza mfumo umekataa nini? Akasema yeye haruhusiwi kusema, taarifa zangu za mikopo hazijakaa vizuri. Nilitoka pale miguu haina nguvu. Nilipita stendi nzima bila kumsalimia mtu, na mimi si mtu wa hivyo.

Siku tatu baadaye nikarudi, nikamkuta dada mwingine mwenye huruma. Akanieleza kwamba benki kabla haijakopesha inaangalia taarifa za mtu kwa kampuni zinazokusanya kumbukumbu za mikopo, zile zenye leseni ya Benki Kuu. Mikopo yangu yote mitatu imo, na imeandikwa vizuri. Kikoba hakimo kabisa, miaka yangu yote chini ya ule mwembe haionekani popote. Lakini kuna deni moja, shilingi 46,500, la kukopa kwa simu, la tangu 2023, limepita siku 90 bila kulipwa, kwa hiyo limeingia kundi la mikopo chechefu. Na mtu mwenye mkopo chechefu, wa milioni au wa elfu arobaini, mfumo wao unamtupa nje.

Mimi sijawahi kukopa kwa simu. Nikaapa pale mezani. Jirani yangu mwalimu ndiye aliyenifundisha kubonyeza *106# kuangalia namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho changu. Zikaja namba mbili. Moja yangu. Ya pili nilipoiangalia moyo ukashuka, maana naijua.

Ni ya mtoto wa dada yangu.

Januari 2020, siku za mwisho kabla ya laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole kuanza kuzimwa, kijana alikuwa na miaka 19 na hana namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Mkoa wetu ni wa mpakani, maswali ya uraia ni mengi, vijana wengi vitambulisho vyao vilichelewa na wengine wazazi wao wenyewe walizaliwa hapahapa Ujiji. Dada akaniomba, "Mdogo wangu, mwekee kidole, asikose mawasiliano." Nikaweka. Nani angekataa? Dada huyu ndiye aliyenilea mama alipofariki. Aliacha shule yeye ili mimi nifike kidato cha nne. Baadaye kijana akapata kitambulisho chake, mimi nikadhani laini ameihamisha, na wala sikuwaza tena.

Sasa kijana hayupo. Alipanda boti kwenda kutafuta maisha upande wa Kongo, Kalemie, mwaka jana mwanzoni. Namba haipatikani. Dada anapata salamu zake kwa watu wanaovuka, mara moja kwa miezi miwili. Kuhusu deni dada hajui lolote, na presha yake inapanda kwa mambo madogo kuliko hili.

Nikasema basi, 46,500 si kitu, nilipe yaishe. Hapo ndipo nilipogundua kulipa nako ni kazi. Kwenye duka la huduma la kampuni ya simu kijana wa kaunta aliniambia deni linalipwa kupitia laini yenyewe, na laini imeshafungwa kwa kutotumika muda mrefu. Akasema anayedai si wao, ni benki iliyo nyuma ya huduma ile, na benki hiyo tawi hapa Kigoma haina. Nimepiga namba ya huduma kwa wateja mara sita. Wanachukua maelezo, wanasema watanipigia. Salio langu linaisha nikiwa nasikiliza muziki wa kusubirishwa. Nimeshindwa kulipa deni huku fedha ninayo mkononi, jambo ambalo tangu nizaliwe sijapata kuliona.

Halafu limekuja jaribu lenyewe, na ndilo lililonifanya niwaandikie. Yule afisa mikopo wa kwanza alinipigia jioni moja, nadhani kwa nia njema. Akaniambia njia ya mkato ni kwenda polisi, nieleze kwamba laini ile ilisajiliwa kwa kitambulisho changu bila mimi kujua, nipewe karatasi, nipinge deni kwa maandishi, litafutwa na mkopo utapita. Watu wengi wanafanyiwa hivyo kweli, mawakala wa laini wasio waaminifu wapo, hakuna atakayeshangaa.

Lakini mimi nilijua. Kidole niliweka mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu. Nikiandika uongo ule nimesafishika kwa karatasi ya polisi yenye uongo ndani yake. Na polisi wakiamua kufuatilia kweli, watafika kwa nani? Siku kijana anarudi na boti anakutana nao Kibirizi. Nitamtazama vipi dada yangu?

Mume wangu, yeye ni fundi wa injini za boti, hana maneno mengi. Anasema tuuze kiwanja cha Gungu tuachane na benki. Au akope yeye kwa jina lake. Ila yeye hajawahi kukopa popote, hana rekodi yoyote, na walishamwambia ataanza na kiasi kidogo kisichojenga hata chanja mbili. Kikoba kinanipa mara tatu ya hisa zangu, haifiki 2,000,000. Tumeomba pia kama kikundi ile mikopo isiyo na riba inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, bado tunasubiri. Na wale wakopeshaji wa mitaani wa kausha damu wameshanusa. Mmoja amekuja mpaka genge la jirani kuniulizia: riba asilimia 30 kwa mwezi, unaacha kadi ya benki na kuandikisha vyombo vya ndani. Rafiki yangu wa kuanika naye walimbebea mpaka magodoro, watoto wakiangalia. Huko siendi, hilo nimeshaamua, msinishauri.

Yule jirani mwalimu amenisomea mambo mawili matatu. Kwamba kuna kanuni za Benki Kuu za mwaka 2012 kuhusu hizi kampuni za taarifa za mikopo, na mtu ana haki ya kuona taarifa yake na kupinga iliyokosewa. Kwamba kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kwamba malalamiko yanaanzia kwa benki yenyewe kwa maandishi, na usiporidhika unapeleka dawati la malalamiko la Benki Kuu. Namshukuru sana, amenifungua macho. Lakini haki hizo ni za kupinga kilichokosewa. Langu mimi limekosewa au halikukosewa? Laini ni ya kitambulisho changu. Fedha sikuziona. Na Kigoma hakuna tawi la Benki Kuu, na kampuni hizo za taarifa ofisi zake ziko Dar. Nikisafiri siku za giza nimepoteza msimu.

Sasa naomba msaada wenu, hasa mliopitia hili au mnaofanya kazi benki.

Aliyewahi kulipa deni la simu ambalo laini yake imeshafungwa, alilipia wapi, na alidai karatasi gani ya kuthibitisha? Nataka kitu chenye muhuri, si ujumbe wa simu. Na ukishalipa, je, lile jina la chechefu linaondoka, au linabaki pale likionyesha kwamba uliwahi kushindwa? Kama linabaki, je, mtu anaweza kuandika maelezo yake yakasomwa pamoja nalo, benki ikajua yule mama aliyeuza cherehani ili asichelewe ni huyuhuyu wa 46,500? Nauliza hili kwa uchungu. Miaka yote nilidhani benki inanijua.

Tena, barua yangu ya kumaliza mkopo na vitabu vya kikoba, kuna benki yoyote inayovipokea na kuvipa uzito, au nisijisumbue kuvibeba?

Na la mwisho ni la wenye dada kama wangu. Nimwambie? Nikilipa kimya kimya litapita na yeye hatajua, lakini kijana naye hatajua, na laini nyingine anaweza kuomba kwa ndugu mwingine kesho. Mdogo wetu wa mwisho ana huruma kuliko mimi. Nikimwambia dada, najua atatoa mkufu wake alioachiwa na mama, ataniletea mezani, na mimi sitaweza kuupokea wala kuurudisha. Mume wangu anasema nisubiri kijana arudi nizungumze naye mwenyewe, mwanamume kwa mama yake mdogo. Lakini atarudi lini?

Giza linaanza tena wiki ijayo. Nina 1,100,000 ya kununulia, chanja sina, na mawingu yameshaanza kukaa upande wa Kongo. Fedha ya deni, 46,500 kamili, nimeiweka pembeni kwenye ile bahasha yenye barua ya benki, hata mtoto akidai daftari siigusi. Atakayenielekeza pa kuipeleka, nitaipeleka siku hiyohiyo.

Ni mimi msomaji wenu,
Mama Z., Mwanga, Kigoma