Tusiizike NMR kwa sababu ya akili mnemba

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu akili mnemba na protini, na nashukuru kuona gazeti la Kiswahili likilipa jambo hili ukurasa mzima. Nina ugomvi na sehemu moja tu, ile inayosema kompyuta zimeshamaliza kazi ya kutafuta maumbo ya protini na kwamba mitambo mikubwa ya maabara, ikiwamo ile ya NMR inayochunguza molekuli kwa sumaku kali na mawimbi ya redio, haina tena haja. Nafundisha kemia chuoni, na najua kauli kama hiyo inafika wapi. Inafika mezani kwa wanaogawa bajeti.

Sibezi AlphaFold, programu ya akili mnemba inayotabiri maumbo ya protini. Demis Hassabis na John Jumper walistahili Nobel ya Kemia ya 2024, na wanafunzi wangu wanaitumia programu yao kila muhula. Lakini programu hiyo ilifunzwa kwa maumbo yaliyopimwa maabara kwa jasho la watu na kukusanywa katika hifadhi moja tangu 1971. Tena kinachotoka kwenye programu hiyo kwa kawaida ni umbo moja lililotulia, ilhali protini ndani ya seli haitulii. Inajikunja, inafunguka, inashikana na nyingine na kuachia. Hapo ndipo NMR inapohitajika.

Wengi wanaifahamu fizikia yake bila kujua, maana ndiyo inayoendesha MRI hospitalini. Kiini cha haidrojeni kina usumaku wake mdogo. Kikiwa ndani ya sumaku kali kisha kikapigwa mawimbi ya redio, kinajibu kwa masafa yanayotegemea atomi zilizokizunguka. MRI inasikiliza zaidi haidrojeni za maji na mafuta mwilini ili kuchora picha. NMR inasikiliza atomi za molekuli yenyewe, karibu moja baada ya nyingine.

Kwa macho, sampuli haina makuu: mrija wa kioo wenye kipenyo cha milimita 5, ndani yake nusu mililita ya maji yenye protini. Kazi kubwa imefanyika kabla. Bakteria waliotengeneza protini hiyo wamelishwa chumvi ya amonia yenye nitrojeni-15, aina ya nitrojeni ambayo NMR inaisikia vizuri, kwa kuwa aina hiyo haifiki hata asilimia 0.4 ya nitrojeni ya kawaida. Baada ya kipimo, kwenye kioo cha kompyuta yanatokea madoa, na karibu kila asidi amino, yaani kila kiungo cha mnyororo wa protini, ina doa lake, isipokuwa ile iitwayo prolini. Ongeza dawa kidogo kwenye mrija, upime tena. Madoa mengi yatabaki palepale, machache yatahama. Ukishajua doa lipi ni la asidi amino ipi, hayo yaliyohama yanakuelekeza mahali dawa iliposhika. Protini iko ndani ya maji muda wote, wala hakuna aliyelazimika kuigeuza fuwele kama inavyotakiwa umbo linapopimwa kwa eksirei.

Umbo zima nalo linapatikana. Haidrojeni mbili zilizo karibu, chini ya takriban nusu nanomita, zinaathiriana kwa namna inayopimika. Kusanya vipimo vya kutosha vya ukaribu huo na umbo litajichora, kama vile mtu anavyoweza kuchora ramani ya kijiji akijua tu nyumba zipi zinapakana. Kurt Wüthrich na wenzake huko Zurich walilionyesha hilo katikati ya miaka ya 1980, na Nobel yake ikaja 2002.

Kwa nini jambo hili lituguse sisi? Chukua malaria. Kimelea kinapoingia kwenye chembe nyekundu ya damu, kinavua sehemu kubwa ya protini ya juu yake iitwayo MSP1 na kuingia na kipande kidogo tu. Umbo la kipande hicho kwa Plasmodium falciparum, mojawapo ya vimelea vya malaria, lilipatikana kwa NMR na watafiti wa Mill Hill, London, wakalichapisha 1999. Baadaye mbinu hiyohiyo ilitumika kutafuta kila kingamwili inashika wapi. Swali hilo ni zito, kwa sababu ziko kingamwili zinazomzuia adui, na ziko zinazokaa tu mahali pale na kuzizuia zile nzuri zisifanye kazi. Chanjo iliyojengwa juu ya kipande kirefu zaidi cha MSP1 ilijaribiwa kwa watoto wa Kombewa, magharibi mwa Kenya, na matokeo yaliyochapishwa 2009 yakaonyesha haikuwakinga. Sisemi NMR peke yake ingeiokoa. Nasema watoto waliochomwa sindano walikuwa wetu, na maabara iliyochora umbo ilikuwa ya wengine.

Ziko pia protini zisizo na umbo maalumu, kama alpha-synuclein inayohusishwa na ugonjwa wa Parkinson. Kwa hizo, utabiri wa umbo moja hausaidii sana. NMR inazifuata zikiwa katika mwendo wao.

Mbinu ina mipaka, nakubali. Protini kubwa sana huisumbua, ingawa mbinu ya TROSY ya 1997 ilisogeza mpaka huo mbali. Na ni ghali. Sumaku lazima ikae ndani ya heliamu, gesi iliyopozwa hadi ikawa kimiminika, nyuzi 269 chini ya sifuri, ikiongezwa kila mara. Heliamu ikikosekana, mtambo umekufa. Hapa ndipo ninaposhangazwa na ukimya wetu: tangu 2016, watafiti wa Oxford na Durham na kampuni ya Helium One walipotangaza kuwepo kwa gesi hiyo bonde la Rukwa, tumeizungumzia kama bidhaa ya kuuza tu. Wanafunzi wangu wa uzamili bado wanatuma sampuli nje na kusubiri miezi.

Naomba gazeti lako liwaulize wahusika wa elimu ya juu na wa madini swali moja kwa pamoja: lini sehemu ya gesi ya Rukwa itatengewa mtambo mmoja wa NMR wa vyuo vyote, wenye fundi wa kudumu na bajeti yake ya kila mwaka?

Mwalimu wa kemia,
Morogoro