Mjomba, jibu la swali lako la Nyegezi

Mjomba, shikamoo.

Siku uliponisindikiza stendi ya Nyegezi, hapo Mwanza, uliniuliza kuhusu kazi yangu ya kuchunguza anga, "Mambo ya mbali hivyo, mnayajuaje bila kufika?" Basi lilikuwa linaondoka, nikajibu ovyo. Swali limenikaa. Naandika hadharani kwa sababu najua Igombe na Kirumba wapo wengi wanaojiuliza hivyohivyo.

Kumbuka usiku wa giza, mitumbwi ya dagaa imetanda ziwani. Wewe umekaa juu ya jiwe unasema: ile karabai, ile ya sola. Hujaifikia hata mmoja. Rangi ya mwanga imekutosha.

Galaksi ninayoichunguza, yaani kundi kubwa mno la nyota, inaitwa NGC 4151, na iko karibu miaka milioni 50 ya nuru: mwanga wake husafiri miaka yote hiyo kutufikia. Katikati yake kuna shimo jeusi, kitu chenye mvuto mkubwa hata mwanga hauchomoki, na gesi inayolizunguka kabla ya kumezwa hupata joto kali mno, ikawaka. Mwanga huo hupiga mawingu ya gesi yaliyo mbali zaidi. Si kama wadudu wa ziwani wanaong'aa kwenye karabai. Wale hurudisha tu mwanga wa taa. Atomu za mawingu haya hunyang'anywa elektroni, zile chembe zake ndogo za nje, kisha hutoa mwanga wao wenyewe: haidrojeni nyekundu, oksijeni kijani.

Kijani hicho nakipenda kuliko vyote. Kilionekana kwenye mawingu ya angani mwaka 1864, wataalamu wakadhani ni elementi mpya, wakaipa hadi jina: nebuliamu. Mwaka 1927 mwanafizikia Ira Bowen akaonyesha kuwa ni oksijeni hii hii tunayovuta, ila imepoteza elektroni mbili. Huku chini huioni ikitoa rangi hiyo, maana hewa imesongamana. Chembe hugongana kabla atomu haijapata nafasi ya kutoa mwanga wake.

Basi mimi hukaa na programu ya kompyuta iitwayo Cloudy, aliyoianza Gary Ferland kule Cambridge mwaka 1978. Naipa makisio ya msongamano wa gesi na ukali wa mwanga unaoipiga, yenyewe inakokotoa rangi, nami nalinganisha na za darubini. Wiki iliyopita kijani cha programu kilizidi cha darubini. Nikaongeza msongamano, kikafifia. Rangi ya haidrojeni bado imenigomea, hailingani.

Nikija Desemba, siku za giza, tukae tena kwenye lile jiwe. Nataka unieleze unavyojua mtumbwi uko umbali gani usiku. Sisi husubiri: mwanga wa katikati ukiongezeka, mawingu ya karibu nao huitikia baada ya siku chache, na siku hizo ndizo kipimo chetu cha umbali wa mawingu hayo kutoka katikati. Chako ni kipi?