Risala ya Wahitimu wa Ufundi Umeme, Mombasa, kwa Mgeni wa Heshima

Mheshimiwa mgeni wa heshima, Mhandisi, mama yetu. Mkuu wa chuo na walimu wetu. Wazazi mliotoka Likoni, Jomvu, Kisauni, Changamwe na kwingineko. Wageni waalikwa na wenzetu tunaowaacha chuoni: asalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Tunakushukuru kwa kuitika mwito wetu. Kwa wasichana walio katika darasa hili, kukuona umeketi hapo mbele kumetosha kuwa zawadi ya mahafali.

Mheshimiwa, mji huu una haki ya kuzungumzia stima. Jenereta ambayo Seyyid Barghash wa Zanzibar aliipata mwaka 1875 kuangazia kasri lake na barabara za jirani, mwaka 1908 ilinunuliwa na Harrali Esmailjee Jeevanjee, mfanyabiashara wa hapa Mombasa, na ikaundwa kampuni ya kukiuzia kisiwa hiki umeme. Huko ndiko inakotokea historia ya Kenya Power yenyewe, shirika linalotuuzia umeme. Zaidi ya karne moja imepita, na swali ambalo mwenye jenereta hakosi kujiuliza bado tunalo: umeme uliotoka mtamboni umelipwa wote?

Haujalipwa wote. Katika miaka ya karibuni, kati ya kila yuniti 100 zinazoingia kwenye gridi ya Kenya, zaidi ya 20 hazipati mlipaji. Sehemu ya hizo hugeuka joto kwenye nyaya na transfoma, na laini ikiwa ndefu au transfoma ikibebeshwa kupita uwezo wake, joto hilo huongezeka. Nyingine zinatumika kabisa. Zinapika, zinachomelea vyuma, zinagandisha samaki, ila hazipiti kwenye mita, au zinapita kwenye mita iliyochezewa. EPRA, mamlaka inayosimamia nishati na bei zake, huruhusu kiwango fulani tu cha upotevu kiingizwe kwenye bei ya mteja. Kinachozidi hapo kinaliwa na shirika, na shirika lililoishiwa haliwahi kubadilisha nguzo iliyooza.

Dawa inayotajwa kila mahali ni mita janja, ile inayotuma hesabu zake ofisini yenyewe. Tunaiunga mkono kwa moyo wote, maana ndiyo kazi tuliyoisomea. Lakini tuna ombi kuhusu pa kuanzia: zianzie kwenye transfoma na kwa wateja wakubwa, kisha zishuke mitaani pamoja na vijana ambao wakaazi wanawajua.

Turuhusu tueleze tulivyofikia hapo. Karakanani mwalimu wetu alitutengenezea ubao. Juu aliweka mita moja, tukaiita mita mama. Chini yake akafunga mita sita, kila moja na mzigo wake: balbu, feni, pasi, birika. Nyuma ya ubao akapitisha waya ambao hakutuonyesha. Baada ya saa chache mita mama ilikuwa imehesabu zaidi ya jumla ya zile sita. Hatukuwa tumemshuku mtu wala kubisha mlango wa mtu, na tayari tulijua kuna mahali panavuja. Kisha tukapima kila mita, mkondo unaoingia kwa laivu na unaorudi kwa nyutro. Tano zilikuwa sawa. Ya sita nyutro yake ilibeba mkondo mkubwa kuliko laivu, na tulipogeuza ubao tukaikuta laivu imevutwa kabla haijafika kwenye mita.

Mita janja hufanya upimaji huo yenyewe usiku na mchana, na kupeleka majibu kwa laini ya simu au kupitia nyaya zilezile za umeme. Kifuniko kikifunguliwa, inaandika saa na dakika. Sumaku ikisogezwa, inaandika. Hata hivyo, anayenyonya moja kwa moja kutoka kwenye nguzo hana mita yoyote ya kuandika habari zake. Hata tukibadilisha mita za mtaa mzima, yeye hataonekana, kwa sababu anayeweza kumwona ni mita mama pekee, ile iliyo kwenye transfoma. Na wateja wakubwa wa viwanda na biashara ni wachache mno kwa hesabu ya vichwa, ilhali ndio wanaonunua sehemu kubwa ya umeme wa nchi. Mita moja iliyochezewa kwao inapoteza kuliko mtaa mzima wa balbu.

Sasa tuingie nyumba ya Kiswahili, ambamo wengi wetu tumelelewa. Ukumbi uko katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, ua nyuma, na mita ni moja tu, kwa jina la mwenye nyumba. Tuseme kila chumba kinatumia yuniti 20 kwa mwezi: taa, redio, simu, na feni kaskazi inapochoma. Bei za nyumbani zina ngazi tatu. Asiyezidi yuniti 30 kwa mwezi ana bei nafuu, asiyezidi 100 ana bei ya kati, na anayezidi hapo hulipa ya juu. Vyumba sita mara 20 ni yuniti 120. Kwa hiyo mama muuza mahamri, ambaye peke yake angestahili bei ya chini kabisa, anatozwa bei moja na mwenye jumba la viyoyozi. Tena hata tokeni, ile namba ya umeme wa kulipia kabla, haioni. Anampa mwenye nyumba kiasi ambacho mwenye nyumba amekadiria, na siku akinunua friji ndogo ya kuuzia barafu, ugomvi unaanzia ukumbini na kumalizikia kwa mzee wa mtaa.

Kijana akimjia mama huyo na kumwambia, "Nikuvutie waya wako kutoka kwenye nguzo, utanipa mia tatu kwa mwezi," atamsikiliza. Hatumtetei kijana huyo. Kuiba umeme ni kosa chini ya Sheria ya Nishati ya 2019, na waya wa namna hiyo ukipita juu ya mabati wakati wa masika unaua watoto. Lakini kumkatia mama waya na kuondoka ni kumwachia kijana kazi ya kuurudisha usiku. Mita ndogo sita, kila moja kwa jina la mpangaji wake, zingempa mama bei yake halali, na shirika lingepata wateja sita linaowajua kwa majina pale lilipokuwa na mmoja.

Mheshimiwa, unakumbuka Novemba 2024. Kila tokeni hubeba ndani yake dakika ilipotengenezwa, ikihesabiwa tangu tarehe 1 Januari 1993, na nafasi ya kuhesabia dakika hizo ilijaa tarehe 24 Novemba 2024. Mita za tokeni zinazofuata mfumo huo, dunia nzima, zilihitaji kubonyezewa namba mbili za tarakimu 20 kabla ya kupokea tokeni mpya. Wengi wetu tulizunguka mitaani kuwasaidia wazee. Tulikuta vidude vya kubonyezea vilivyokufa betri, vingine wapangaji walikuwa wamehama navyo, na bibi mmoja aliyekuwa amekifunga chake kwenye leso ndani ya kabati wajukuu wasikiharibu. Kazi ile ilihitaji kidole cha mtu kwenye kila mita kwa sababu mita hizo hazisikii chochote kutoka ofisini. Mita janja ingepokea mabadiliko hayo yenyewe. Na hapo milangoni tulijifunza jambo ambalo halikuwa kwenye silabasi: watu walitufungulia kwa sababu walitujua sisi ni watoto wa nani. Asiyejulikana alifungiwa, hata kama alikuwa na kitambulisho shingoni.

Nchini India serikali ilianzisha mwaka 2021 mpango unaolenga kufunga mita janja milioni 250 za kulipia kabla. Mwaka 2024 wakaazi wa Vadodara, jimboni Gujarat, waliandamana wakilalamika kwamba salio lao linaisha upesi. Moja ya majibu ya huko lilitufurahisha sana: kufunga mita ya kawaida ubavuni mwa mita janja, mtu alinganishe kwa macho yake. Tungependa mpango wowote wa hapa Pwani uanze na hatua hiyo, kabla ya mtu yeyote kushika bango. Jirani zetu wa Uganda walikuwa wakipoteza takriban asilimia 38 mwaka 2005, na kufikia 2018 walikuwa wameshuka chini ya 20. Mita zao za kulipia kabla, ziitwazo Yaka, zilichangia, pamoja na kazi ya kubadilisha nyaya na kusoma kwa mbali mita za wateja wakubwa. Ilichukua miaka mingi ya kazi isiyo na shamrashamra.

Kuna na hewa yetu ya chumvi. Viungo vya shaba hapa huota kutu ya kijani, hulegea na kupata moto. Mita itakayoletwa Pwani ichaguliwe kwa hali ya Pwani.

Vilevile, mita inayotuma habari kila nusu saa inajua mtu analala saa ngapi na nyumba iko tupu lini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ipo. Tunaomba wakaazi waelezwe haki zao kwa Kiswahili kabla mita haijafungwa, na waelezwe pia ni nani anayeweza kuwakatia stima kutoka ofisini na kwa utaratibu gani.

Mheshimiwa mgeni wa heshima, tunahitimu leo tukiwa na vyeti, lakini wengi wetu hatuna leseni ya EPRA, na leseni inahitaji uzoefu ambao hatuwezi kuupata bila kupewa nafasi ya mafunzo kazini. Tunaomba utusemee kwa wenzako. Karakana yetu ina ubao ule na mita za zamani. Mita janja tumeisoma kwenye picha. Hata chache zilizoondolewa laini zikiwa bado zinawaka, tutazipokea kwa mikono miwili kwa ajili ya wanaobaki nyuma yetu.

Na tunaomba transfoma moja. Uichague wewe, iwe Mtongwe, Mikindani, Kongowea au kokote utakakoona panafaa. Ifungwe mita mama, kila mpangaji apewe mita yake, na wahitimu wa hapa wapite nyumba kwa nyumba chini ya fundi mwenye leseni. Kila mwisho wa mwezi hesabu mbili, ya transfoma na ya jumla ya nyumba, zibandikwe kwenye ofisi ya chifu ambapo kila mtu atazisoma. Majina yetu, namba zetu za simu na mitaa tunayotoka tumeviambatanisha na nakala ya risala hii, na mkuu wa chuo amekubali kutuachia karakana siku za Jumamosi.

Tunaomba kuwasilisha.