Akupancha isitangazwe kuwa dawa ya kila maumivu ya mgongo

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie matangazo ya akupancha, ile tiba ya Kichina ya sindano, ambayo hapa Moshi na Arusha yanaahidi kumaliza maumivu ya mgongo ya aina yoyote bila hata kumuuliza mgonjwa yalianza lini.

Tiba yenyewe siipingi. Katika kazi yangu ya fiziotherapia nimewahudumia wapagazi wa Mlima Kilimanjaro na akina mama wachuma kahawa walioishi kwa vidonge vya diklofenaki vya kutuliza maumivu hadi wakapata vidonda vya tumbo, na watu hao wanastahili njia nyingine ya kupata nafuu. Sindano za akupancha ni nyembamba mno, hazina tundu wala dawa ndani yake, na mgonjwa hulala nazo kwa takriban dakika 20 hadi 30 akihisi uzito au ganzi kidogo pale zilipoingia. Utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2007, uliohusisha wagonjwa 1,162 wenye maumivu sugu ya kiuno, ulionyesha kuwa baada ya miezi 6 karibu asilimia 48 ya waliochomwa sindano hizo walikuwa wamepata nafuu, wakati kwa waliopewa dawa na mazoezi ya kawaida ilikuwa asilimia 27. Hata hivyo, waliochomwa juujuu tu, mahali ambapo Wachina hawapatambui kuwa pa tiba, nao walifikia asilimia 44. Kwa maoni yangu, matokeo hayo yanatosha kumruhusu mgonjwa ajaribu, lakini hayamruhusu mtu yeyote kubandika bango la kuponya.

Ninachokihofia zaidi ni kifua kikuu cha uti wa mgongo. Huanza kama maumivu ya kawaida, mara nyingi bila kikohozi, kisha hula pingili polepole, na mgonjwa akichelewa anaweza kupooza miguu, ilhali dawa zake hutolewa bure nchini. Mtu anayeumwa mgongo huku akikonda na kutokwa jasho usiku, au mzee ambaye maumivu humzidi akiwa amelala, aende kwanza hospitali ya KCMC au ya Mount Meru akachunguzwe, kwa maana sindano zinaweza kumtuliza kiasi cha kumfanya aahirishe safari hiyo kwa miezi.

Ninaliomba Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002, liwazuie wenye vituo kutangaza uponyaji na liwatake wamwelekeze mgonjwa hospitali kabla ya kumchoma. Nawe msomaji, ukifika kituoni, omba kuona cheti cha usajili, kisha hakikisha pakiti ya sindano inafunguliwa mbele ya macho yako na sindano zilizotumika zinatupwa kwenye kisanduku chake, kwa kuwa sindano iliyorudiwa huweza kuambukiza homa ya ini na virusi vya UKIMWI. Mtoa tiba akisita kufanya hivyo, ondoka, hata kama umekwisha kulipa.

Mtaalamu mstaafu wa fiziotherapia,
Moshi