Saa kumi nilikuwa Kilosa

Kigamboni, Dar es Salaam

Rafiki yangu kipenzi,

Pole tena kwa msiba wa mayu, mama yako. Najua neno hili umelisikia mpaka limekuchosha, lakini mimi yangu sijakupa sawasawa. Nilipofika kwenu ulikuwa umezungukwa na watu. Ukanikumbatia, ukasema "umekuja", halafu ukaitwa jikoni kuulizwa habari za mchele na sukari. Kesho yake nikaondoka hatujakaa wawili hata dakika kumi. Pale matangani wapo walioniuliza kwa nini sikuwahi mazishi, nikawajibu kwamba ndege iliniacha, na nikaona walivyoniangalia. Wewe hukuuliza. Ndiyo maana nakuandikia.

Ndege yangu ilikuwa ya saa kumi na mbili alfajiri. Niliichagua hiyo makusudi ili kabla ya saa sita mchana niwe Sengerema, nimuage mayu akiwa bado ndani. Usiku ule sikulala. Saa tisa na nusu nilikuwa nimeshavaa, kitenge cha sare nimekikunja juu kabisa ya begi, na dereva wa teksi akafika kama tulivyokubaliana. Mvua ilikuwa ikinyesha tangu saa sita usiku. Daraja la Nyerere tulivuka vizuri. Tulipoingia Barabara ya Mandela, bado hatujaikaribia TAZARA, tukakuta magari yamesimama, taa nyekundu hadi jicho linapoishia. Semitrela lenye kontena lilikuwa limeteleza na kulala kukingama barabara. Nyuma yetu nako kukajaa, hakuna pa kugeuzia.

Dereva akazima gari. Rafiki yangu, ule ukimya wa gari lililozimwa kwenye foleni, mvua ikipiga bati, na wewe unaitazama saa! Ilipofika saa kumi na moja kasoro nikashuka, nikatembea katikati ya malori mpaka nikapata bodaboda. Bei sikuuliza. Begi nilikuwa nimelikumbatia tumboni ili kitenge kisilowe.

Nilifika kaunta saa kumi na moja na dakika ishirini na tano. Ilikuwa imeshafungwa. Nikamwambia yule binti, "Mwanangu, naenda kuzika." Akanitazama nilivyolowa, akapiga simu, akasikiliza muda mrefu, kisha akatikisa kichwa. Ndege ilikuwa bado ipo uwanjani. Nilisimama pale mpaka niliposikia inaondoka.

Za baadaye zilikuwa zimejaa. Wakaniandika kwenye orodha ya kusubiri, nikakaa hadi saa nne bila mtu yeyote kuitwa. Tiketi ile pesa yake haikurudi, lakini hilo silihesabu.

Shemeji yako ndiye aliyepiga simu akaniambia, acha kukaa hapo, nenda kwenye treni. Kwa treni hii ya umeme, tangu ianze kufika Dodoma mwaka 2024, watu wa kanda yenu wameshazoea: unashuka Dodoma, unadaka basi la Mwanza usiku. Nikakata tiketi ya shilingi 31,000, treni ya mchana. Nilijua kwamba mazishi sitayawahi. Nilichotaka ni kuwa njiani, nisikutwe na saa ile nikiwa nimekaa kitako Dar.

Mdogo wako aliniahidi kwamba wakifika kaburini atanipigia. Alinipigia saa kumi kamili. Tulikuwa tumeshaiacha Morogoro, tunaingia kwenye vilima vya Kilosa. Nikaziba sikio moja kwa kidole, simu nikaibana kwenye jingine. Nikasikia kwaya kwa mbali, upepo ukiingia kwenye simu, mtu akikohoa. Kisha padri akasema maneno ambayo sikuyashika yote, na baada yake nikasikia udongo wa kwanza. Unaujua mlio ule, usingeweza kuwa kitu kingine. Halafu treni ikaingia kwenye handaki, mtandao ukakatika, dirisha likawa jeusi nikajiona uso wangu mwenyewe.

Nililia kwa sauti. Siti ya pembeni yangu alikuwa amekaa mama mmoja mtu mzima, amevaa baibui, anaenda kumwona mjukuu Dodoma. Hakuniuliza maswali. Alinishika mkono, akanyamaza nami mpaka tukatoka kwenye giza, ndipo akasema, "Mama yako?" Nikamjibu ndiyo. Sikuona haja ya kumfafanulia kwamba ni mama wa rafiki yangu. Mwanamke aliyekuwa akituletea michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, shuleni Tabora, vifurushi viwili vya ukubwa mmoja ili pasiwe na mtoto wa kumzaa na mtoto wa kumkuta, nimwite nani? Yule mama akainua viganja akamwombea mayu kwa dini yake, taratibu, na mimi nikaitikia amina. Nataka ujue kwamba saa ile mayu aliombewa na huku pia.

Dodoma nilishuka jioni, nikaenda stendi ya Nanenane, nikasubiri mpaka saa mbili usiku ndipo nikapata siti ya nyuma kabisa kwenye basi lililotoka Dar. Singida niliiona taa tu. Nzega nilishuka kunyoosha miguu, na Shinyanga nilipitiwa na usingizi. Kumepambazuka tuko Nyegezi, Mwanza.

Nikapanda haisi ya Sengerema. Mara ya mwisho kupita njia ile tulikuwa wote watatu, na kulikuwa bado na kivuko. Unakumbuka foleni ya Kigongo? Mayu alikaa kwenye mzigo wa mtu, akatununulia samaki wa kukaanga, mafuta yakapita kwenye gazeti mpaka kwenye sketi yako. Nguzo zilikuwa ndiyo kwanza zinachomoza majini, akazinyoshea mkono na kusema, "Hili likiisha, nitavuka bila kumsubiri mtu." Daraja lilifunguliwa Juni 2025. Kilomita 3, na haisi ililimaliza hata sijatosheka kulitazama ziwa. Nikawaza gari lililomleta mayu kutoka Mwanza lilivyopita hapohapo siku mbili nyuma, bila kumsubiri mtu, nikamwomba konda anipishe dirishani.

Kaburi nililikuta maua yake bado hayajanyauka. Nilikwenda kabla sijaingia ndani, ndiyo maana uliniona na udongo viganjani. Niliuchota pembeni, nikauweka juu, mkono wa kulia, mara tatu. Nilichelewa siku moja, lakini niliuweka.

Kitenge nimekifua, sijakivaa bado. Arobaini ninakuja. Naomba uniambie mapema tarehe mtakayokubaliana na wazee, maana nitafika siku mbili kabla, nilale chumba kile cha nyuma, nikusaidie kupepeta mchele. Na usiku tukae nje wawili tu, uniambie siku zake za mwisho zilivyokuwa. Sijamuuliza mtu mwingine, nakungoja wewe.

Wasalimie wote, na mzee umwambie dawa ya miguu nimeipata, nakuja nayo.

Wako,
mwenzio wa kitanda cha juu