Alisimama wapi mpiga picha?

Sahibu yangu,

Za masiku? Tangu tuagane pale stendi naendelea kubishana nawe peke yangu. Ulisema picha aliyoipiga Robert Capa, yule mpiga picha wa vita, ile ya askari aliyelala majini ufukwe wa Omaha, Normandy, kule Ufaransa, inasifiwa bure: imetikisika, fokasi hamna, na mteja wa harusi angeturudishia. Kweli angeturudishia. Lakini jana nimeitazama tena, na safari hii nilimwacha askari, nikamtafuta mpiga picha kasimama wapi.

Askari anatujia. Nyuma yake ni bahari, na vyuma vya vizuizi vimechomoza majini kama mbavu za jahazi bovu. Basi Capa alikuwa mbele yake, kawapa mgongo Wajerumani na rashasha zao, jicho kalibana kwenye kamera. Tarehe 6 Juni 1944 hiyo, Vita vya Pili vya Dunia, Wamarekani na wenzao wanateremka Ufaransa kuwavamia Wajerumani, si mazoezi! Sasa chukua ile ya Robert Sargent, wa walinzi wa pwani wa Marekani, ya siku hiyohiyo. Yeye yumo ndani ya boti, mlango wa mbele umeshuka, askari wanamwachia migongo, maji kiunoni, moshi mbele yao. Imenyooka, kila kofia ya chuma unaiona. Najua hiyo ndiyo ungeitundika studio.

Halafu ile hadithi kwamba filamu za Capa ziliharibikia London, eti kijana wa chumba cha giza alizidisha joto kwenye kabati la kukaushia, picha zikayeyuka. Siku hizi wapo wachunguzi wanaoikataa. Wanasema huenda alipiga chache tu, akaondoka. Mimi nami naikataa kwa ushahidi wangu. Unaikumbuka masika ile tulipokausha filamu ya nikaha juu ya jiko la mkaa? Ilijikunja kama ukoko, tukatukanwa na ukoo mzima, lakini bibi harusi alionekana. Za Capa zimebaki kama kumi, na jarida la Life la Marekani likatoa baadhi katika toleo la tarehe 19 Juni. Kama alipiga hizo tu kisha akakimbilia boti, simlaumu. Mimi hata nisingeteremka.

Karibu na kwetu kuna ufukwe mwingine: Mogadishu, tarehe 9 Desemba 1992. Makomando wa Marekani wanatoka baharini usiku, nyuso wamezipaka rangi wasionekane, kumbe wapiga picha wamewatangulia mchangani, taa za televisheni zinawamulika machoni. Ikawa askari ndio wanaoomba taa zizimwe! Pale mwanga ulikuwepo, uso ulikuwepo, nafasi ya kupanga fokasi ilikuwepo. Tangu asubuhi najaribu kukumbuka japo picha moja ya usiku ule, haiji.

Ile lenzi ya milimita 50 uliyoniachia imeota ukungu kwa ndani. Ukija, usisahau bisibisi zako ndogo. Wasalimie watoto na shemeji.

Wako,
Mbishi wako wa siku zote