Sikukununia, Salehe

Dar es Salaam,
Jumapili usiku

Ndugu yangu Salehe,

Salaam nyingi. Huku wote wazima, ila bimkubwa goti linamsumbua. Anakusalimu, na anauliza ule mkeka aliokuagiza umefikia wapi. Mambo ya Mudi na pikipiki yameisha vizuri, nitakusimulia ukija.

Rehema kaniambia unalalamika kwamba nimekununia. Kwamba usiku ule tulipotoka sinema nilidandia daladala bila kukuaga vizuri, na tangu hapo, miezi miwili, kimya. Kimya ni kweli, naomba radhi. Kununa sikununa. Ulilipa tiketi zote mbili, ukanunua na bisi, halafu mimi nikakaa kama nimefiwa. Acha nikueleze, maana jambo lenyewe limenikaa rohoni.

Ile filamu nilianza kuiona mwezi wa tatu. Wewe mwenyewe ulinitumia kionjo cha kwanza, kile kipande kifupi cha kuitangaza, nikakirudia mara nne, tano. Kikaja cha pili, kirefu zaidi. Kikaja cha tatu. Bango likapandishwa pale njia panda, stelingi ananikodolea macho kila asubuhi nikiwa nimebanwa kwenye daladala. Mahojiano, picha za walivyoitengeneza, kiki za nani kagombana na nani. Mwezi wa kumi tunaingia ukumbini, tayari nina filamu nzima kichwani, niliyojishonea kwa vile vipande, na tamu kweli kweli. Hii ya kwenye pazia ingeishindaje?

Unakumbuka pale darajani? Yule dada ananing'inia, kamba inakatika uzi mmoja mmoja, ukumbi mzima kimya. Mimi sikushtuka hata kidogo. Kwenye kionjo cha pili nilishamwona anakimbia sokoni kavaa koti jekundu, na mpaka hapo darajani lile koti alikuwa hajalivaa. Basi nikajua hafi. Ndivyo nilivyokaa saa mbili nzima, nahesabu: hili nimeliona, hili nimeliona, koti bado. Ukanigeukia unacheka kwa ule utani wa mjomba na mbuzi, na utani wenyewe watoto wa jirani wanauigiza tangu mwezi wa sita. Nikashindwa kucheka. Ukaona nimenuna.

Sasa sikia. Wiki iliyopita Faraji kaileta nyumbani. Nikanyanyuka nitoke, bimkubwa akaniambia kaa, nani atanitafsiria. Unajua simu yake ni kitochi, kionjo hajawahi kuona hata kimoja. Nikakaa. Tulipofika darajani akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga, akaivaa, halafu akanishika mkono. "Atakufa huyu mtoto?" Sikumjibu. Hakuniachia mpaka yule dada alipovutwa juu. Mbuzi alimchekesha mpaka akakohoa, nikamletea maji. Salehe, ile filamu ni nzuri. Ni nzuri, na mimi nilishaibiwa kabla sijafika mlangoni.

Faraji anasema hiyo ndiyo biashara, watu hawatoi hela yao mpaka wajue wananunua nini. Akanitajia *Cast Away* ya mwaka 2000, jamaa peke yake kisiwani, roho juu kama ataokoka, na kionjo chake kilishaonyesha karudi nyumbani. Mwongozaji wake, Robert Zemeckis, alitetea jambo hilo: watazamaji wenyewe wanapenda kujua mapema. Huenda ni kweli kwa anayehesabu tiketi. Lakini kutoa hela ni dakika moja, kutazama ni saa mbili, na hizo saa mbili nani anazitetea?

Wala sisemi wasitangaze. Yule mwongozaji Alfred Hitchcock alipotoa filamu yake ya kutisha, *Psycho*, mwaka 1960 alipiga kelele kuliko wote. Kionjo chake kilipita dakika 6, yeye mwenyewe anatembea kwenye ile nyumba na moteli, anaonyesha ngazi, anaonyesha bafu, na kutoka kwenye filamu yenyewe hatoi kitu. Mwisho anavuta pazia la bafuni, mwanamke anapiga yowe, na huyo ni Vera Miles, si Janet Leigh anayeoga kwenye filamu! Tena filamu ikishaanza huingii, hata ukiwa na tiketi, wakati watu wa enzi hizo walizoea kuingia katikati. Mbwembwe zote zile zilikuwa za kuilinda siri. Zetu za siku hizi zinaitoa siri barabarani, bure, miezi saba.

Na kwa Mzee Kombo je? Kibanda umiza kile kilitangaza kwa chaki ubaoni, jina la filamu limekosewa, na chini yake NGUMI. Basi. Tangazo jingine ni sauti iliyovuja kwenye matundu ya mabati, tukasimama nje tunabishana huyo anayelia ni nani. Siku ile umeme ulipokatika adui yuko ndani ya gari linalozama, wiki nzima tuligombana kama katoka au... Mpaka leo sijui mwisho wake, na ile ndiyo filamu ninayoikumbuka kuliko zote.

Kwa hiyo naomba hisani. Ukija mwisho wa mwezi tuende tena, safari hii nalipa mimi, na usinitumie kionjo chochote, hata kiwe cha sekunde kumi. Mudi atachagua filamu, asitutajie hata jina mpaka tumekaa. Utakubali? Unafika siku gani, na basi la asubuhi au la mchana? Utafikia kwetu au kwa Rehema? Mkeka utakuja nao? Na niambie ukweli, pale darajani wewe uliogopa, au na wewe ulikuwa unangoja koti?

Wako,
Hamisi